Lugha Mbili kwenye Karatasi Moja: Kupanga Safu Sambamba katika Matangazo kwa Umma

Yeyote aliyewahi kufungua Gazeti Rasmi la Jamhuri ya Rwanda, lile tuliitalo Igazeti ya Leta, anaijua sura ya kurasa zake. Ukurasa umegawanywa katika safu tatu zinazoshuka kutoka juu hadi chini: kushoto Kinyarwanda, katikati Kiingereza, kulia Kifaransa. Kifungu cha pili cha sheria huanza kwa lugha zote tatu katika kimo kimoja. Ikiwa Kifaransa kimetumia maneno mengi kuliko Kinyarwanda, safu ya Kinyarwanda huachiwa nafasi nyeupe ikasubiri, kisha kifungu cha tatu kikaanza kwa pamoja. Nafasi hiyo nyeupe si upotevu wa karatasi. Ndiyo inayomwezesha hakimu, wakili au mwananchi wa kawaida kuweka kidole kwenye kifungu cha lugha anayoijua, akakisogeza kando, na kukikuta kifungu hichohicho katika lugha ya mwenzake.

Tangu Sheria Na. 02/2017/OL ya tarehe 20/04/2017, Kiswahili nacho ni lugha rasmi ya nchi hii pamoja na hizo tatu. Hata kabla ya sheria hiyo kilikuwa na wenyewe mjini Kigali. Nyamirambo na Biryogo kimesemwa kwa vizazi, sokoni, gereji na barazani. Kila siku pia madereva wa malori huingia kwa daraja la Rusumo wakitokea Tanzania na mizigo ya bandari ya Dar es Salaam, na wengi wao Kinyarwanda chao huishia kwenye salamu. Tangazo la usalama linalobandikwa kwa lugha moja tu huwaacha watu hao nje ya mlango. Tangazo la lugha mbili linawafungulia, lakini kwa sharti kwamba lugha hizo mbili ziseme jambo moja, mahali pamoja, kwa mpangilio mmoja.

Kazi ya kuliandaa tangazo hilo huwaangukia watu wachache: askari mwenye zamu ya ofisini, katibu wa kamati ya polisi jamii katika seli, au mwandishi wa chama cha ushirika cha waendesha pikipiki. Somo hili ni lao.

Safu za aina mbili

Neno safu limebeba mambo mawili yasiyofanana, na programu ya kuandikia ina kifaa chake kwa kila moja. Karibu kila tangazo la lugha mbili lililovurugika limevurugika kwa sababu mwandishi alichukua kifaa cha jambo la kwanza akafanyia kazi ya jambo la pili.

Aina ya kwanza tuiite safu mfululizo, yaani safu za magazeti. Hapa maandishi yote ni mkondo mmoja. Hushuka katika safu ya kwanza, yakifika chini hupanda juu ya safu ya pili, yakaendelea hivyo hadi habari iishe. Ukiongeza sentensi mwanzoni, kila kilichoifuata husogea mbele, na hakuna linaloharibika, maana msomaji anasoma habari moja kwa lugha moja.

Aina ya pili ni safu sambamba. Hapa mikondo ni miwili au mitatu, kila mmoja unashuka katika njia yake, na haipaswi kuingiliana. Kusudi lake si kuujaza ukurasa bali kuoanisha: sentensi hii ya kushoto ndiyo ile ya kulia. Tafsiri za Kurani kwa Kiswahili mara nyingi hupangwa hivyo, Kiarabu upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, aya kwa aya, na nambari ya aya ikawa msumari unaozishika pande zote mbili. Ufundi huu ni wa kale sana. Katika karne ya 3, mwanachuoni wa Kikristo Origen, aliyefanya kazi yake Kaisaria ya Palestina, alilipanga Agano la Kale katika safu sita, Kiebrania kwanza na tafsiri za Kigiriki zikifuata, ili maneno yaweze kulinganishwa kwa kutupa jicho upande. Hakuwa na mashine yoyote, ila alijua jambo ambalo kompyuta haiwezi kulibuni yenyewe usipoiambia: kwamba maneno haya na yale ni jozi.

Mfano wa barabarani

Tuchukue tangazo la kubuni, linalokusudiwa madereva wa malori wanaoingia nchini. Lina hoja tano kwa Kinyarwanda, na hoja hizohizo kwa Kiswahili. Ya kwanza inawakumbusha kwamba Rwanda magari hupita upande wa kulia wa barabara. Ya pili inahusu kubisikana na ya tatu kunyuranaho, maneno ambayo kila aliyefanya mtihani wa leseni hapa nchini ameyakariri. Kubisikana ni magari mawili yanayotoka pande tofauti kupishana, na hufanyika kwa kulia, iburyo. Kunyuranaho ni gari la nyuma kulipita la mbele, na hufanyika kwa kushoto, ibumoso. Ya nne inataja nambari 112 kwa msaada wa dharura na 113 kwa ajali za barabarani. Ya tano inataja 3511, nambari ya kumlalamikia askari aliyemtendea mtu visivyo.

Hoja ya pili inasema kulia na ya tatu inasema kushoto. Dereva aliyejifunzia Tanzania, Kenya au Uganda, ambako magari hupita kushoto, mikono yake imezoea kinyume cha yote mawili. Katika tangazo hili, kusogea kwa sentensi moja ni jambo la uhai.

Sasa mwandishi ameandika hoja tano za Kinyarwanda, akafuatisha za Kiswahili, kisha akayateua maandishi yote na kubofya "Columns" akachagua mbili. Kwa bahati Kinyarwanda kimejaza safu ya kushoto barabara na Kiswahili kimeanza juu ya safu ya kulia. Anaona amefaulu. Kesho yake mkuu wake anamwambia aongeze hoja ya kutoshika simu unapoendesha. Anaiongeza baada ya hoja ya kwanza, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili. Mara hoja ya mwisho ya Kinyarwanda inavuka na kukaa juu ya safu ya Kiswahili, Kiswahili kinasukumwa chini, na hoja zake za mwisho, zenye 112, 113 na 3511, zinaangukia ukurasa wa pili. Mashine inachapa karatasi mbili. Ukutani inabandikwa ya kwanza.

Msomaji wa Kinyarwanda hakupoteza kitu. Aliyekosa nambari ya kupiga ni mgeni, ambaye usiku, kando ya barabara, ndiye asiye na mtu wa kumuuliza.

Wapo wanaolitibu tatizo hili kwa kubonyeza Enter mara nyingi hadi kila kitu kirudi mahali pake. Dawa hiyo hudumu mpaka faili lifunguliwe katika kompyuta nyingine isiyo na fonti ileile, au mpaka mtu akuze herufi kidogo ili zisomeke kwa mbali. Wengine, hasa waliojifunza kazi kwenye taipureta, huandika sentensi ya Kinyarwanda, wakabonyeza kitufe cha nafasi mara ishirini, kisha wakaandika ya Kiswahili kwenye mstari huohuo. Katika taipureta nyingi hilo liliwezekana, kwa kuwa kila herufi ilikuwa na upana sawa, i na m hazikupitana. Katika fonti nyingi za kompyuta m ni nene kuliko i mara kadhaa, hivyo nafasi ishirini za mstari huu si nafasi ishirini za mstari ule, na safu inapinda kama njia ya mbuzi mlimani. Baya zaidi, sentensi ikizidi upana wa karatasi, neno lake la mwisho hushuka na kuanza upya pambizoni kushoto. Unaweza kuikuta sentensi ya Kiswahili inayosema dereva apite upande wa, na neno kushoto limening'inia chini ya safu ya Kinyarwanda kama halina mwenyewe.

Visanduku vya maandishi, vile vinavyoelea juu ya ukurasa, navyo havifai. Vinafaa kwa picha na maelezo yake. Ukiviwekea tangazo zima, kila kimoja kitakwenda njia yake siku utakayobadilisha pambizo.

Jedwali ndilo jibu

Kifaa cha safu sambamba ni jedwali. Watu wengi hulifikiria jedwali kama mahali pa tarakimu na orodha za majina, na ndiyo sababu hawalikumbuki hapa. Jedwali ni nyumba yenye vyumba: vyumba vilivyopangana kushuka ni safu, na vilivyopangana kuelekea kando tuviite mlalo. Kila safu ni lugha na kila mlalo ni hoja. Chumba kikipanuka kwa maneno mengi, chumba cha jirani yake katika mlalo huohuo hupanuka nacho, na hoja inayofuata huanza kwa pamoja pande zote. Ile nafasi nyeupe ya Gazeti Rasmi inajitokeza yenyewe bila kubonyeza Enter hata mara moja.

Katika Microsoft Word, kabla ya kuandika chochote, hesabu hoja zako. Tangazo letu sasa lina hoja sita, nalo linahitaji mlalo mmoja wa juu kwa majina ya lugha, kwa hiyo ni safu 2 na milalo 7. Nenda kwenye kichupo cha "Insert", bofya "Table", kisha uchague idadi hiyo. Andika hoja ya kwanza ya Kinyarwanda, bonyeza kitufe cha Tab, uandike Kiswahili chake, ubonyeze Tab tena. Ukifika chumba cha mwisho, Tab itakujengea mlalo mpya. Anayetumia LibreOffice Writer atalikuta jambo hilohilo chini ya menyu ya "Table". (Kwa anayependa kumbukumbu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili. Ofisi zetu nyingi hata hivyo hutumia menyu za Kiingereza au Kifaransa, na hapa tumeandika ya Kiingereza kama inavyoonekana kwenye kioo.)

Hapa pana kosa ambalo hulifanya jedwali lisiwe na faida. Mwandishi hutengeneza jedwali la mlalo mmoja tu, akamimina Kinyarwanda chote katika chumba cha kushoto na Kiswahili chote katika chumba cha kulia. Lugha hazitachanganyika, ni kweli, lakini hoja hazitaoana, na msomaji atarudi kutafuta kwa kukisia. Kila hoja ipewe mlalo wake. Ikiwa hoja ina aya mbili, kila aya ipewe mlalo wake.

Siku utakapoongeza hoja katikati, bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya kwenye mlalo uliotangulia, uchague "Insert" na kuweka mlalo mpya chini yake. Vyumba vyote viwili vitafunguka kwa wakati mmoja. Ukijaza cha Kinyarwanda na kukiacha cha Kiswahili, pengo litabaki wazi ukutani, kila mtu akiliona. Kwa maoni yangu hii ndiyo faida kubwa ya jedwali kuliko unadhifu wote: chumba kitupu kinamdai mwandishi tafsiri. Safu mfululizo hufanya kinyume, kwa kuwa huziba pengo haraka, na upungufu hauonekani hadi umdhuru mtu.

Vipo vifungo vichache vya kurekebisha. Teua mlalo wa juu wenye majina ya lugha, ufungue kichupo cha "Layout" cha jedwali, ubofye "Repeat Header Rows", ili majina hayo yajirudie juu ya kila ukurasa kama tangazo ni refu. Katika "Table Properties", sehemu ya "Row", ondoa alama kwenye "Allow row to break across pages", ili hoja moja isikatwe, nusu ukurasa huu na nusu ule. Katika dirisha hilohilo, kwenye sehemu ya "Table", fungua "Options" na uondoe alama ya kuliacha jedwali lijibadilishe upana kufuata maneno. Usipofanya hivyo, lugha yenye maneno marefu itainyang'anya jirani yake nafasi. Maandishi yaanzie juu ya chumba, yasikae katikati ya kimo chake.

Kuhusu mistari ya mipaka, wengi huifuta yote ili ukurasa ufanane na wa Gazeti Rasmi. Word inaruhusu, na ukiwasha "View Gridlines" utaendelea kuiona wewe mwenyewe kwenye kioo bila kuchapwa. Mimi hupendelea kuuondoa mstari wa kushuka na kuiacha mistari myembamba ya mlalo kati ya hoja na hoja. Anayesoma tangazo ukutani amesimama, pengine jua liko machoni, na mstari mwembamba unaliongoza jicho lake kutoka lugha hadi lugha lisiangukie hoja ya jirani.

Kama tayari una maandishi yaliyopangwa kwa zamu, aya ya Kinyarwanda ikifuatwa na aya ya Kiswahili, usiyanakili upya. Yateue yote, nenda "Insert", kisha "Table", kisha "Convert Text to Table", useme safu ziwe 2 na kigawanyo kiwe aya. Kila jozi itaingia katika mlalo wake. Kabla ya hapo futa aya tupu zilizokuwa katikati, maana kompyuta huihesabu aya tupu kuwa aya kamili na jozi zote zitapishana kwa hatua moja.

Tahadhari moja ya kibodi. Ctrl, Shift na Enter zikibonyezwa pamoja katika safu za magazeti hukata safu na kupeleka maandishi juu ya inayofuata. Ndani ya jedwali mkono uleule hulipasua jedwali vipande viwili. Likikutokea, bonyeza Ctrl na Z.

Upana wa karatasi

Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Ukiacha pambizo ya milimita 20 kila upande, unabakiwa na 170. Safu mbili zenye milimita 10 katikati yake zinapata 80 kila moja, na huo ni upana mzuri wa kusomeka. Lugha tatu kwenye karatasi iliyosimama, ukiacha milimita 5 kati ya safu na safu, zinapata takriban 53 kila moja. Hapo Kiswahili na Kinyarwanda huanza kulalamika, kwa sababu lugha zetu hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja. Neno kama watakapowasimamisha halipunguziki. Basi ilaze karatasi: upana unakuwa 297, ukitoa pambizo 257, na safu tatu zenye milimita 8 katikati yake zinarudi kwenye 80 kila moja. Lugha nne, hata kwa karatasi iliyolala, zinabaki na 58 hivi. Tangazo la lugha zote nne rasmi heri liwe karatasi mbili za lugha mbilimbili zilizobandikwa bega kwa bega.

Katika safu nyembamba usinyooshe maandishi pande zote mbili. Kompyuta ikilazimishwa kuusawazisha ukingo wa kulia huyatawanya maneno na kuacha mianya mikubwa, nao mstari wenye maneno matatu marefu unafanana na meno ya mzee. Acha ukingo wa kushoto ndio ulionyooka.

Iambie pia kompyuta kila safu ni ya lugha gani. Teua safu ya Kinyarwanda, nenda "Review", kisha "Language", kisha "Set Proofing Language", uchague Kinyarwanda, na safu ya pili uichagulie Kiswahili. Usipofanya hivyo kompyuta hudhani yote ni Kiingereza, ikajaza mistari myekundu kila mahali na, lililo baya zaidi, ikasahihisha kisicho na kosa. Kwa Kiingereza herufi i ikisimama peke yake huandikwa kubwa. Kwa Kinyarwanda i peke yake ni kiambishi cha mahali, kama katika "Bikorewe i Kigali" tunayoiandika chini ya barua, nayo huigeuka "I Kigali" mbele ya macho yako.

Usawa wa lugha na sahihi

Kompyuta ikimaliza yake yanabaki ya mwandishi. Ukubwa wa herufi uwe mmoja katika safu zote. Nimeona matangazo ambamo lugha ya pili imeandikwa kwa herufi ndogo za mlazo, kana kwamba ni maelezo ya chini ya ukurasa. Aliyesafiri siku mbili kufika hapa hukielewa kipimo hicho haraka kuliko maneno yenyewe. Nambari za hoja ziandikwe katika safu zote mbili, ili askari na dereva waweze kusema hoja ya tatu hata kama kila mmoja anasoma lugha yake.

Sheria zetu hubeba karibu na mwisho wake kifungu kinachoeleza ziliandaliwa kwa lugha gani, na zikajadiliwa na kupitishwa kwa lugha gani, ili pakitokea hitilafu kati ya safu ijulikane asili ni ipi. Tangazo la seli halina uzito wa sheria, lakini mfano huo unafaa kuigwa. Mstari mmoja mwishoni, kwa lugha zote mbili, useme tangazo limeandikwa kwanza kwa Kinyarwanda. Haupunguzi heshima ya Kiswahili. Unamwambia mwenye mashaka aulize wapi.

Jambo hili huwa zito zaidi pale karatasi inapohitaji sahihi, mfano maafikiano ya majirani waliosuluhishwa mbele ya kamati, au hati ya kupokea mali iliyopotea na kuokotwa. Mtu anayesoma Kiswahili pekee hutia sahihi kwa kuitegemea safu yake. Kama safu hiyo imesogea, amekubali asichokisoma. Katika hati za namna hiyo, milalo iwe mifupi, sentensi moja kwa kila mlalo. Mlalo wa mwisho uunganishwe vyumba vyake viwe kimoja kwa "Merge Cells", na sahihi ziwekwe humo, chini ya lugha zote mbili kwa pamoja. Aliyetafsiri aandike jina lake hapohapo.

Kabla ya kuchapa, wakae watu wawili, mmoja akiwa na safu ya Kinyarwanda na mwingine ya Kiswahili, wasome kwa sauti mlalo kwa mlalo, wakianzia wa mwisho na kupanda juu. Ukisoma kutoka juu akili hukimbilia maana na kuyaruka maneno. Ukianzia chini, kila mlalo husimama peke yake. Yakaguliwe kwa pekee yale ambayo makosa yake hayasikiki: nambari za simu, tarehe, saa, kulia na kushoto, na kiambishi cha kukanusha, kwa kuwa kati ya unaruhusiwa na huruhusiwi tofauti ni silabi chache tu. Saa iangaliwe mara mbili. Saa mbili ya Kiswahili na saa 08:00 ya tarakimu ni wakati uleule, lakini atakayetafsiri tarakimu bila kufikiri ataandika saa nane, na watu watafika mkutanoni mchana.

Likiwa tayari, lihifadhi kama PDF kabla ya kulituma kwa ofisi nyingine, ili lichapwe huko kama lilivyo hapa. Usilinakili jedwali na kulibandika kwenye ujumbe wa WhatsApp. Kuta za vyumba zitabomoka na lugha zitafuatana sentensi kwa sentensi bila alama, hii ya Kinyarwanda, hii ya Kiswahili. Hata PDF ya safu mbili ni taabu kwenye kioo cha simu, maana msomaji hulazimika kuikuza na kuisogeza huku na huku. Kwa ajili ya simu andaa nakala nyingine: Kiswahili chote katika ujumbe mmoja na Kinyarwanda chote katika mwingine, hoja zikiwa na nambari zilezile za karatasi ya ukutani, na 112 na 113 zikiwa mstari wa kwanza.